Funga Mbili Mbili

Mkunazini, Mjini
20 Disemba 1955

Kwa mdogo wangu Wanu,

Nakuletea salamu kutoka mjini, na ungekuwa karibu ungeziona zimelowa jasho. Mimi mzima, mume wangu Masoud mzima, na shangazi yake Bi Mwanakheir, mwenye nyumba tuliyofikia, mzima pia isipokuwa magoti. Mfikishie mama yangu shikamoo. Mwambie nakula vizuri na nasali kwa wakati, maana najua hilo la pili ndilo atakalouliza kwanza. Kaka yako Simai naye nisalimie, na umwulize kama ng'ombe wake ameshazaa.

Kaskazi ya huku si ya Paje. Nyinyi mna bahari mlangoni. Huku nyumba zimebanana hata upepo ukitaka kupita lazima upige hodi. Mchana Bi Mwanakheir anamwaga maji sakafuni na sisi tunajilaza juu yake kama samaki wa Darajani, tunapepeana, tunalalamika, kisha tunaanza upya.

Sasa nikwambie. Masoud alisema tuje tupumzike hadi karibu na Ramadhani, kwa kuwa biashara yake ya mbata za nazi mwaka huu imemwendea vizuri na gari lake halilali. Mimi nikadhani kupumzika ni kupumzika. Wapi! Tangu tufike ananizungusha madukani. Asubuhi Hurumzi, jioni Darajani, kesho Shangani kwenye vitu vya Ulaya. Masoud huyu huyu, Wanu, ambaye akininunulia doti moja ya Idi huitaja mpaka Idi nyingine!

Jana tumeingia duka moja la vitambaa, lina feni juu, sikutaka kutoka. Nikachagua hariri ya rangi ya zabibu na lasi nyeupe ya kutia shingoni. Mwenye duka akaanza kukunja. Masoud akamwambia, "Funga mbili mbili." Nikamtazama. Akatazama feni. Tukaenda kwenye satini, tukaenda kwenye buibui za hariri, tukaenda kwenye manukato, kila ninaponyosha kidole yeye anasema hayo hayo: "Funga mbili mbili."

Sijui amepatwa na nini, na sitaki kuuliza asije akapona.

Nijibu haraka. Barua mpe Matar, dereva wa Masoud, akija na gari la mbata.

Wako anayeyeyuka,
Kazija


Paje
31 Disemba 1955

Kwa dada yangu Kazija,

Barua yako imefika, imekunjwa vizuri, ina alama ya kidole cha mafuta ya Matar. Huku sote wazima. Mama mkubwa, mama yako, anasema marahaba, na anauliza hizo sala unazisali wapi ikiwa mchana kutwa uko madukani. Ng'ombe wa Simai amezaa dume. Simai hasemi na mtu.

Mimi nipo kama ulivyoniacha. Tumefukua kwenye shimo la pwani makumbi ya nazi tuliyoyazika mwezi wa tisa, tunayapiga, tunasokota kamba. Mikono inanuka tope hata nikiisugua kwa limau.

Mbili mbili za nini? Au anataka kufungua duka hapa Paje? Mwambie hariri haitapata mnunuzi, sisi tunafanya kazi tumesimama ndani ya maji.

Nisimulie zaidi. Nikisoma habari zako najiona nami nimekaa chini ya hiyo feni.

Mdogo wako,
Wanu


Mkunazini
14 Januari 1956

Wanu, mpenzi wangu, mtoto wa mama mdogo,

Salamu kwa wote, kwa mama kwanza, kwa Simai, hata kwa huyo dume. Bi Mwanakheir anakusalimu ingawa hajakuona. Magoti yake ni yale yale.

Keti kitako usome. Jana tulikuwa Shangani kwenye viatu. Nikachagua vya mchuchumio, vyekundu, nikivaa naona mtaa wote kwa juu. Masoud akasema tena mbili, lakini safari hii akamwambia mwenye duka, "Vya pili vipitishe hivi kidogo kwa ukubwa." Nani ninayemjua mimi mwenye miguu mikubwa kunishinda? Nani aliyekuwa akivaa makubazi ya baba yake kwenda chuoni?

Nikamkabili njiani. "Masoud, hivi vya pili vya Wanu?" Akacheka, akawa mwekundu, akasema, "Wewe mjanja, hufichwi kitu."

Wanu, nimelia barabarani! Kumbe miaka yote nikimwambia, "Ndugu yangu yule, tangu arudi kwa yule mume wa Bwejuu na talaka yake mkononi, hakuna anayemtazama," yeye alikuwa akisikia. Namwona bahili na moyo wake ni huu. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa yote niliyomsema kwako, nawe yafute.

Sasa kazi. Yuko fundi Mgoa hapa karibu, huwezi kuamini mkono wake. Ana vitabu vya mitindo vya Ulaya, lakini pia huenda sinema, akatazama gauni la mwigizaji wa Kimisri mara moja tu, kisha akaja kulikata. Mabibi wa mjini wanagombania mlangoni kwake. Hashoni mshono mmoja kwa watu wawili isipokuwa kwa kuombwa, nasi tumemwomba: mimi na wewe, gauni moja, rangi moja. Anataka kipimo chako. Nipelekee gauni lako lolote linalokukaa vizuri, lile la buluu nililokushonea mimi zamani lingefaa. Mpe Matar.

Nimechukua pia mahameli ya kijani. Usinicheke. Bi Mwanakheir kasema mahameli kwenye joto hili ni kujitafutia maradhi, na mimi nikamwambia nitaivaa wakati wa kipupwe. Jioni nikaijaribu. Nilitoka ndani yake kama nimechovywa kisimani.

Kazija wako


Paje
22 Januari 1956

Dada Kazija,

Salamu zimefika na zimerudi kwako. Mama mkubwa mzima. Kaambiwa habari ya viatu, kasema Masoud Mungu amzidishie.

Gauni la buluu hilo hapo, Matar kalikunja ndani ya kikapu. Kwapani limeachia kidogo, fundi akicheka, mwambie ni mshono wako.

Sijui niseme nini, dada. Tangu nitoke Bwejuu sijavaa kitu ambacho hakikuwahi kuvaliwa na mtu. Juzi nikiwa shimoni napiga makumbi nimejikuta natembea kwa visigino, peke yangu, wenzangu wakaniuliza kama nimekanyaga mwiba. Nimejiona Forodhani nina kiatu chekundu. Nimejiona na nyumba yenye ngazi. Nimeona haya, nikaendelea kupiga.

Mshukuru Masoud kwa niaba yangu. Mimi nikimwona sitajua kusema.

Wanu


Mkunazini
5 Februari 1956

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi tupo, joto ndilo limezidi. Watu wanalala madarini.

Fundi amelipenda gauni lako. Amelitandaza mezani, akapima mabega, akapima urefu, akasema mwenye gauni hili ana mwili wa kuvaa nguo. Nikajivuna kana kwamba nimekuzaa. Gauni letu la filamu limeshakatwa: kiuno kimebanwa, chini marinda yanafunguka ukizunguka. Langu limetiwa kamba ya zari shingoni, lako pia. Masoud ameomba lako liongezwe zari kwenye mikono. Nikamwuliza kwa nini langu lisiongezwe. Akaniambia mimi mikono yangu inatosha kupendeza bila zari. Hivi hayo ni maneno ya Masoud? Nikamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Lakini sikai nikatulia, Wanu. Nimenunua mpaka nimechoka, na nikirudi nyumbani naona kuna kitu bado sijakinunua, natoka tena. Nimebadilisha vifungo mara kadhaa. Nimerudisha mkoba, nimeurudia. Bi Mwanakheir ananitazama, hasemi kitu, naye si mtu wa kunyamaza.

Masoud anakuja huko kila mara na gari. Anasema ana mazungumzo na Simai juu ya minazi. Mbona haniletei neno lako?

Kazija


Mkunazini
21 Februari 1956

Wanu,

Salamu. Mama hajambo, natumaini.

Matar amekuja mara mbili mikono mitupu. Nimemwuliza kama unaumwa, kasema kakuona unafua. Basi unafua, na kuandika huwezi? Kama nimekukosea sema. Kama ni lile neno la miguu mikubwa, nilikuwa natania, na wewe unajua natania.

Dada yako, ikiwa bado unaye,
Kazija


Paje
27 Februari 1956

Kwa dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Mama mkubwa mzima, anakuuliza kila siku. Mimi siumwi.

Barua hii nimempa Shaame anayekuja mjini kwa baiskeli. Sikutaka kumpa Matar.

Hukunikosea. Usifikiri hivyo hata kidogo. Lakini nakuomba, usininunulie kitu kingine. Mwambie fundi asimalize gauni langu. Viatu virudishwe kama vinarudishika. Sitaki nguo. Usiniulize sababu kwenye karatasi, nitakwambia ukirudi, au huenda utaijua kabla sijakwambia. Simai ameniuliza jambo na mimi sijamjibu.

Ukipata njia ya kurudi mapema, rudi.

Wanu


Mkunazini
8 Machi 1956

Wanu,

Nisalimie mama. Usimwambie haya.

Nilipopata barua yako nilikasirika. Nikasema huyu ana kiburi cha maskini, hataki kupewa. Nikaenda kwa fundi niyachukue yote mawili, nikukomeshe kwa kukuletea mwenyewe. Masoud alikuja nami, akabaki nje akinywa maji ya ndimu. Fundi akanivalisha langu. Akazunguka, akabana hapa, akalegeza pale. Kisha akatoa lako, lile lenye zari mikononi, akalipangusa kama yai.

"Mawifi wengi," akaniambia, "wakimchagulia bibi harusi wa kaka yao huchagua ovyo makusudi. Wewe umemchagulia kama unamchagulia ndugu yako."

Nikacheka kwanza. Nikamwuliza, "Bibi harusi gani?" Akaniambia, huyu mrefu, mwenye gauni la buluu. Bwana harusi kamhimiza sana, anataka sanduku la harusi liwe tayari Shaabani hii, kabla ya mfungo. Nikamwuliza bwana harusi nani. Akanyoosha kidole mlangoni. Alimwonyesha Masoud na gilasi yake.

Alidhani mimi ni dada yake Masoud, Wanu. Miezi yote hii fundi alidhani mimi ni wifi niliyeletwa mjini kumchagulia nguo mke wa kaka yangu. Na hakukosea sana! Nilimchagulia rangi. Nilimchagulia lasi. Nilimwagizia kipimo kwa barua niliyoiandika kwa mkono wangu, nikamwimbia Masoud sifa njia nzima.

Nyumbani nikamwuliza. Hakukana. Kasema, "Nilikuwa nnataka kukwambia, nnatafuta siku." Kasema hakunidhulumu hata uzi, kila alichonunua kwa ajili yako amenipa mimi wa kwanza, maana anaogopa kufufuliwa siku ya kiama ubavu wake mmoja umelala kwa kupendelea mke mmoja. "Nnamwogopa Mungu, Kazija," kaniambia. Nikamwambia Mungu unamwogopa, mimi huniogopi. Bi Mwanakheir akatoka chumbani. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua.

Sasa nijibu wewe. Sitaki salamu, sitaki ng'ombe. Ulijua tangu lini? Na ulimjibu nini Simai?

Kazija


Paje
24 Machi 1956

Dada yangu Kazija,

Umesema hutaki salamu, basi nakujibu.

Masoud alikwenda kwa Simai kabla hamjaondoka Paje. Mimi niliambiwa mwisho wa Januari, gauni la buluu likiwa limeshafika kwa fundi. Nilipoandika kwamba nimejiona nina kiatu chekundu sikujua kitu, wallahi. Naapa na Mungu ananisikia.

Simai aliniambia mume huyu tunamjua, si mgeni. Akasema Kazija hatasumbuka, heri mke mwenza awe ndugu yake kuliko mtu wa kuokota mjini. Akanikataza kumwambia mama mkubwa, kwa sababu ni mama wa mke mkubwa na atalizuia. Wote walilificha kwake, mpaka watoto waliambiwa wanyamaze.

Na mimi sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana pia, na hilo ndilo lililoushika mkono wangu nisikuandikie. Nilikuwa nakwenda shimoni asubuhi nikiwa nimekata shauri kukataa, na narudi jioni nanuka tope, mgongo umekufa, nikiwa nimekata shauri jingine. Nimeitaka ile nyumba yenye ngazi, Kazija. Masoud simtaki wala simchukii. Nilichoka tu. Ukitaka kunichukia, chukia kwa hilo, ndilo la kweli.

Sasa sikiliza. Barua yako ilifika mvua za masika zimeanza, nikaisoma mlangoni. Mama mkubwa akaja kuuliza habari zako, akaniona uso wangu, akaniambia, "Isome." Nikamwambia haina kitu. Akasema, "Basi soma hicho kisicho kitu." Unamjua. Nikasoma yote, mpaka fundi, mpaka ubavu.

Alikaa chini palepale kwenye matope. Akasema, "Haiwezekani." Nikadhani ni hasira. Akarudia, "Haiwezekani, Wanu. Nyote wawili nimekunyonyesheni mimi."

Akanihadithia. Ilikuwa hivi: mama yangu aliponizaa alishikwa na homa, na maziwa hayakutoka. Wewe ulikuwa bado hujaachishwa ziwa. Mama yako alikuwa akija kwetu kabla watu hawajaamka na tena wakati watu wako mashambani, ananinyonyesha mpaka nashiba, siku baada ya siku, hadi mama yangu akapona. Mama yangu alimwapisha asimwambie mtu, kwa kuogopa upande wa baba watasema wameoa mwanamke mkavu. Na mama yangu alikufa na siri yake. Mama mkubwa akasema, "Nnamtunzia ndugu yangu aibu yake, kumbe wenzangu wananificha harusi. Tungeingia motoni sote kwa kufichana!"

Alikwenda mwenyewe kwa Simai, kwenye mvua, bila mwavuli. Simai akaenda kwa sheikh. Sheikh akamwita mama mkubwa, akamwuliza na kumwuliza tena, kisha akasema sisi ni ndugu wa ziwa moja, ni sawa na waliozaliwa tumbo moja, na mume mmoja hawezi kutuweka pamoja. Basi, limekwisha.

Mama mkubwa sasa ananiita mwanangu mbele za watu. Jana nimelala kichwa juu ya paja lake, mtu mzima mimi.

Wanu


Mkunazini
30 Machi 1956

Wanu,

Nimecheka, nimelia, Bi Mwanakheir akaja kunipaka mafuta ya karafuu akidhani nimepagawa. Ziwa moja! Ndiyo maana nikiwa mdogo nilikuwa nakupiga kila siku, kumbe nilikuwa nadai changu.

Lakini hukusema hapana. Nalizungusha hilo neno mchana kutwa. Nalisamehe asubuhi, joto likipanda nalikumbuka. Afadhali umeniambia, ila linauma.

Masoud kapata habari kwa Simai. Ananifanyia upole, ananiletea aiskrimu, ananiuliza kama nataka kitu chochote. Sanduku la pili liko pale miguuni pa kitanda, halirudishi na haligawi. Nikipita najigonga nalo. Jana kaondoka kuja huko, na minazi haina mazungumzo ya kila wiki. Anataka nini tena? Wanu, chochote utakachosikia niambie, hata kama kinauma. Sitaki kusikia kwa fundi mara ya pili.

Kazija


Paje
5 Aprili 1956

Kwa dada yangu Kazija,

Mama hajambo, nami sijambo. Njia imeharibika kwa mvua, sijui hii itakufikia lini. Kaa chini kabla hujaendelea.

Masoud hakuja kwangu, alifikia kwa Simai wakakaa barazani muda mrefu. Baada ya alasiri Simai akaniita. Akaniambia sheikh kakataza wawili kuwekwa pamoja, hakukataza mmoja baada ya mwingine. Yule wa kwanza akiachwa, eda yake ikisha, wa pili anakuwa halali. Masoud yuko tayari kukuacha. Kasema hivyo kwa kinywa chake, na kasema atakupa nguo zako zote na haki yako yote, hatakudhulumu.

Nimeandika mstari huo mara nyingi nikauchana. Sikupata namna laini ya kuuandika.

Simai alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Mara ya kwanza nilinyamaza, sheria ikanijibia. Leo nnajibu mwenyewe. Simtaki." Akauliza kwa nini, na miezi yote nilikuwa kimya. Nikamwambia kwa sababu mwanzo mlinambia nnaingia nyumbani kwa Kazija, na sasa mnanambia nimtoe. Akasema nitazeekea kwenye makumbi, hatakuja mwingine mwenye gari. Huenda akawa kweli. Nilitoka nje, nikarudi tena ndani kumwambia mara ya pili, asije akasema hakusikia vizuri.

Masoud ameondoka na jibu hilo. Sijui kama atakwambia alikuja kwa nini. Mimi nimekwambia. Sikwambii umwache wala ukae naye, hilo la kwako, na ukikaa sitakulaumu. Lakini mimi simo, Kazija. Kwa sasa na kwa baadaye, uwe mkewe au usiwe mkewe, mimi simo.

Wanu


Mkunazini
9 Aprili 1956

Wanu,

Salamu nitazitoa kwa mdomo.

Barua yako na Masoud vimefika siku moja, barua imemtangulia kidogo. Aliingia, akakaa, akaanza kusafisha koo. Nikamwona anatafuta pa kuanzia, nikamwonea huruma, nikamwanzia. "Wanu hakutaki," nikamwambia.

Akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Kanambia mwenyewe. Na neno la kuniacha mimi kwanza nalo kanambia."

Akavua kofia, akaivaa. Akasema alikuwa hataki kunidhulumu. Nikamwambia najua, ndiyo maana ulinipa kila kitu isipokuwa habari. Halafu, Wanu, akaniuliza kama chai ipo.

Miaka yote nikisikia chai mimi husimama. Nilihisi miguu inataka kusimama, nikaikataza. Nikamwambia, "Chai ipo jikoni. Mimi nnakwenda kwetu. Ukitaka kuniacha, niache, nipelekee talaka yangu kwa mama. Ukitaka mke, njoo unifuate kama watu wanavyowafuata wake zao, ukae mbele ya mama yangu useme ulichokifanya, chote, na kitambaa chochote usije nacho." Mpaka naandika hivi yuko pale pale, na chai hajaifuata.

Sijui atakuja au hatakuja. Na akija sijui nitamwambiaje. Zamani kutojua huko kungenitoa nje, nikazunguka madukani mpaka jua litue. Leo sina pa kwenda ila huko.

Nakuja na gari la abiria, keshokutwa, kabla mwezi haujaandama. Nimevaa kanga zangu nilizokuja nazo, mengine yote nimeyaacha, yako na yangu. Zile hasira zangu za hukusema hapana ninazo bado kidogo, nitazimalizia huko huko shimoni, unipe mchi nami nipige makumbi.

Mwambie mama yetu nakuja kufunga Ramadhani kwake.

Kazija